Masale Arobaini

Jumatano, 4 Juni
Mama Doris, mwenye nyumba ya wageni pale mjini, anapokea walimu kumi na wawili kutoka Mwanza. Jumamosi wanataka kutembea kwa miguu kwenye vitongoji vya Uru, mlimani kwa Wachagga, hadi maporomoko. Atakayewaongoza vizuri atapewa kazi ya kudumu. Wagombea ni wawili: mimi Gidioni, na Hellen. Hellen anajua kila kichochoro cha Uru. Mimi najua kuongea. Nimemwambia Mama Doris njia zile nazipita nimefumba macho, naye kakubali nitangulie mimi. Ukweli, nimekulia mjini. Huko Uru hata nikifumbua macho napotea. Lakini kichwa hiki si cha kufugia nywele!

Alhamisi, 5 Juni
Nimemfuata Hellen kimyakimya akikagua njia. Kila kona nimechomeka isale, ule mmea wa majani marefu, liwe alama yangu ya Jumamosi. Arobaini! Chokaa ingesombwa na mvua, kitambaa kingeibwa. Isale hata ukilichomeka kwenye tope linachipua, na mtu wa Uru haling'oi hovyo. Hellen aligeuka mara moja. Nikajifanya nakata majani ya ng'ombe. Sina ng'ombe.

Ijumaa, 6 Juni
Uru kimeumana! Mzee Yakobo ameamka akakuta masale yamepita katikati ya migomba yake. Kule isale ndilo alama ya mpaka. Basi kasema mdogo wake kamega kihamba, shamba lao la urithi. Mdogo wake kasema aliyemega ni kaka mtu. Wameshinda wakiyang'oa na kuyachomeka upya, kila mmoja upande wa mwenzake. Kesho kikao cha ukoo. Hayanihusu, hayo ni ya ndugu wenyewe. Nalala mapema.

Jumamosi, 7 Juni
Tulianza vizuri mno. Nilinyanyua isale juu kama bendera ili walimu wa nyuma wanione. Tukafuata masale: kulia, kushoto, kulia, kulia tena. Mwalimu Tabitha akauliza mbona mgomba huu tumeupita mara tatu. Nikamwambia ni wa kihistoria.

Isale la mwisho likatutoa uani kwa Mzee Yakobo. Katikati ya kikao! Wazee wote macho mkononi mwangu. Ala! Nikakumbuka. Kwa Wachagga, anayekuja na isale mkononi amekuja kukiri kosa na kuomba radhi, na hakataliwi. Hata shikamoo sijamaliza, Mzee Yakobo akasema kumbe ni wewe, akanyoosha mkono kulipokea. Nikakiri yote. Ndugu wale wawili wakakumbatiana wakilia. Nikasamehewa papo hapo, ila niyang'oe masale yote mwenyewe.

Walimu wakaenda kwenye maporomoko na Hellen. Mama Doris alikuwa amemtuma atufuate nyuma, eti kwa tahadhari. Jioni kampa kazi. Imeniuma, nisiseme uongo.

Jumapili, 8 Juni
Nimeng'oa yote, mgongo hauinuki. Lakini ibadani akili imefunguka. Isale halikataliwi! Sasa kwa nini mtu aombe radhi baada ya kosa, wakati anaweza kuomba kabla? Jumamosi ijayo Hellen ana wageni wengine. Kesho asubuhi nampelekea isale. Akishalipokea, amesamehe. Ndipo nawachukua wageni wake, roho nyeupe kabisa.

Masale arobaini nimeyaloweka kwenye ndoo. Yanatosha makosa ya mwaka mzima.