Haki Yangu katika Daraja la Nane

Jumatatu, 18 Machi

Mvua tena. Mji mzima wa Changsha unanuka soksi mbichi.

Leo nimedhulumiwa. Nimeamka alfajiri kwenda kuwahi kiti cha dirishani maktabani, kile alichokalia dada wa mwaka wa juu yetu aliyeongoza mtihani mwaka jana. Kila mtu anajua kiti kile kina baraka. Nafika, nakuta mezani chupa ya maji ya Tan, ninayelala naye chumba kimoja. Chupa! Mwenyewe yuko kwenye ziwa la chuo anasoma kwa sauti, chupa ndiyo inayojiandaa na mtihani. Najua desturi: chupa ikishakaa, kiti kimechukuliwa. Lakini heshima iko wapi? Chumbani kwetu tunaitana kwa umri, na Kaka Mkubwa ni mimi.

Nimeisukuma chupa yake chini ya ngazi, nikaweka kamusi yangu, nikaenda kula tambi. Kurudi, mlinzi ameichukua kamusi, eti nimeshikilia kiti bila kukikalia. Chupa ya Tan hakuigusa. Nchi hii haina haki.

Naandika hapa ili ijulikane ninapigania nini. Shule ya sekondari ya wilaya yetu inataka mwalimu mmoja wa Kiingereza. Mmoja tu. Mimi na Tan tunatoka wilaya hiyo hiyo. Mkuu wa shule amesema atamchukua mwenye alama za juu kwenye Daraja la Nane, ule mtihani mkubwa wa sisi tunaosomea Kiingereza. Mama ameshautangazia mtaa mzima kwamba kazi ni yangu. Mama Liao, muuza tofu ile jibini ya soya, anamwita Mama Mwalimu, na Mama anaitika.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda ziwani kumkomoa Tan. Alikuwa amesimama chini ya mwavuli akisoma kwa sauti. Nikasimama ubavuni pake nikasoma kwa sauti kubwa zaidi. Akapandisha, nikapandisha. Mpaka bata wakahama. Mwishowe akafunga kitabu akanishukuru sana, akasema hakuna mazoezi mazuri kama kusoma penye kelele. Koo langu limekauka, nanong'ona kama mgonjwa. Yeye yuko salama salmini.

Sikukata tamaa. Dada wa mwaka wa juu amenitumia insha anayoapa itatoka kwenye mtihani Jumamosi, kuhusu mabibi wanaocheza dansi uwanjani na kusumbua majirani kwa muziki. Nimeikariri yote, na nukta zake. Tan sikumwambia. Akatafute dada yake.

Jioni Tan akaanza kuongea kutoka kitanda cha chini. Nilikuwa nimeziba masikio kwa pamba nisimsikie akikariri. Akawa ananyoosha kidole mezani, uso umemwiva kwa masikitiko. Nikatikisa kichwa kukubali, ili aninyamazie. Hakunyamaza. Nikatikisa tena. Hapo akatabasamu, akanimenyea chungwa. Mtu wa ajabu. Chungwa lilikuwa tamu.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeona kitu kilichonichemsha damu. Sehemu ya kusikiliza hurushwa na redio ya chuo, na kila mtu anakuja na hedifoni zake zenye redio ndani. Zangu ni za tangu mwaka wa kwanza, sikio la kushoto limeshikwa na plasta. Na mezani kwa Tan zimelala hedifoni mpya, nyeupe, zinang'aa. Kwa nini aziweke wazi vile? Ili nizione! Ili niingie kwenye chumba cha mtihani nikiwa mnyonge!

Basi nimefanya uamuzi wa haki. Tan alipokwenda kuchota maji ya moto (kachukua na chupa yangu, sijui anatafuta nini kwangu), nimebadilisha. Zake mkobani mwangu, zangu mkobani mwake. Akija kuiona plasta, muda wa kulalamika utakuwa umepita.

Sikuzijaribu. Kujaribu kitu kipya ni kukitukana.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nina hasira.

Asubuhi tulikwenda kula kifungua kinywa cha mtihani: andazi refu moja na mayai mawili, ukiyapanga kwenye sahani yanasomeka mia moja. Wapishi wakanipa yai moja, eti yamekwisha. Nilikuwa na kumi! Tan akanipa lake moja. Sasa kumi ikawa yake. Nikala upesi kabla hajabadili mawazo.

Tukaingia. Nikavaa hedifoni nyeupe kwa madaha. Kwanza mvumo. Halafu sauti ya mwanamume, Kichina kitupu, akisifia dawa ya kubandika magotini kwa wazee. Kisha bibi mmoja akapiga simu redioni kulalamikia goti lake la kulia.

Nikatazama huku na huku, wenzangu wote wanaandika, wametulia. Ndipo nikaelewa. Wamebadilisha mtihani! Sasa unasikiliza Kichina na kukifasiri papo hapo. Mtihani wa wataalamu hasa. Nikainama nikafasiri. Nilifasiri bibi, goti, ngazi asizoweza kupanda, na mkwe wake asiyemjali. Nafasi za kujazia zilikuwa fupi, nikaandika hadi pembeni.

Mwalimu Gong, aliyekuwa akisimamia, akaja kusimama karibu yangu. Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akaninong'oneza kwamba kama hedifoni zina shida niinue mkono, za akiba ziko mezani pake. Mtego wa wazi! Anataka nikose dakika nzuri, bibi alikuwa ndiyo kwanza anafika kwa daktari. Nikamjibu niko sawa.

Insha nayo ilihusu makumbusho. Makumbusho! Nikawaingiza mabibi wote humo wakacheze dansi.

Nje, watu wakawa wanajadili mhadhara mrefu wa Kiingereza kuhusu majina ya mitaa. Hakuna hata mmoja aliyetaja goti. Tan akanijia, macho mekundu, hedifoni zangu za plasta shingoni mwake.

"Kaka Mkubwa," akasema, "Jumatano nilikwambia zangu zinahama stesheni zenyewe, ukatikisa kichwa tu. Kumbe ulishaamua unipe zako. Nilidhani utachukua za akiba."

Nikatikisa kichwa tena.

Sasa naomba niulize, mtu mwenye akili timamu ananunua kitu kibovu, anakiacha mezani kinang'aa, hakibandiki hata karatasi ya onyo? Na yeyote apitaye akichukue tu? Huo ni uzembe. Kwingineko watu wanashtakiwa kwa hayo.

Jumapili, 16 Juni

Niko nyumbani. Matokeo yametoka. Nimeanguka. Tan amefaulu vizuri mno, na barua ya shule anayo.

Leo amekuja kututembelea, kabeba kreti ya maziwa na mfuko wa matunda. Nikajua amekuja kunicheka. Badala yake akamwinamia Mama na kumweleza yote: jinsi nilivyomvumilia akilalamika, nikamwekea hedifoni nzima mkobani kimyakimya, nikaingia na mbovu, na hata nilipoletewa msaada nikaukataa. Mwalimu Gong mwenyewe ni shahidi. Mama alilia mpaka akakaa chini.

Nilitaka kusema ukweli. Kweli nilitaka. Nikafungua kinywa, Mama akanitilia paja la nguruwe kwenye bakuli, kipande kile ambacho huwekewa mgeni.

Mpaka saa sita mtaa wote ulishajua. Mama Liao ameleta tofu, kakataa kulipwa, akasema wangu ni moyo ambao haufundishwi chuoni. Wazee wa bao la chesi wamenyanyuka nilipopita.

Nimejifungia chumbani kutafakari. Nani alivaa hedifoni mbovu? Mimi. Za plasta, zilizofaulisha mtu, zilikuwa za nani? Zangu. Nani hana kazi, na nani anayo? Sasa uongo uko wapi?

Nimebakiwa na nafasi moja ya kurudia mtihani, mwakani, na baada ya hapo hakuna tena. Kosa langu nimeshalijua, nalo ni moja tu: nina huruma kupita kiasi. Safari hii nitajifikiria mwenyewe kwanza.