Sahihi ya Bibi Opal

Lonnie Vrabel hakuwa amemaliza hata kahawa yake Jumamosi ile alipoiona foleni, na papo hapo akajua kwamba siku yake imejipa.

Foleni yenyewe ilianzia kwenye meza yenye pazia la buluu katikati ya ukumbi wa maonyesho wa Pittsburgh, ikapita kibanda cha donati, ikazunguka sanamu la roboti, ikatoka mlangoni na kuteremka hadi ghorofa ya chini. Watu kama mia nne, wengine wamevaa majoho na barakoa, kila mmoja kakumbatia kitabu chake cha katuni ndani ya mfuko wa plastiki kama mzazi aliyepeleka kichanga kliniki. Wote walikuwa wakimsubiri Opal Dombrowski, bibi wa miaka themanini na moja, aliyemchora shujaa Mlinzi wa Tanuru tangu toleo la kwanza, kisha akajifungia nyumbani kwake miaka ishirini bila kuonekana hadharani. Picha yake ya mwisho gazetini ilikuwa ya enzi za miwani mikubwa na nywele za kupuliziwa.

Sasa, mtu asiyewajua mashabiki hawa anaweza kudhani kwamba wanachotaka ni sahihi ya bibi. Sahihi tu haitoshi. Sahihi isiyo na shahidi, kwao, ni mchoro wa kalamu ulioharibu jalada zuri. Ndiyo maana kampuni ya uthibitisho huwaweka mezani mashahidi wake, watu wa vizibao vya rangi ya chungwa, waione kalamu ikigusa karatasi kwa macho yao wenyewe, wajaze fomu, na kitabu kifungwe ndani ya kasha gumu la plastiki. Kikitoka humo, bei imepanda mara mbili au tatu.

Mtu mwingine pale angeona foleni ndefu. Lonnie aliona watu mia nne wenye pesa na miguu inayouma.

Kizibao alikuwa nacho, alikinunua kwenye duka la vifaa vya watengeneza barabara. Kitambulisho cha shingoni alikichapisha kwenye maktaba ya umma, na kilisema yeye ni Craig Hollis, Shahidi Mwandamizi. Hilo la "mwandamizi" aliliongeza mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujinyima. Na sahihi ya Opal alikuwa ameifanyia mazoezi wiki tatu kwenye meza ya jikoni ya dada yake, mpaka dada akamuuliza kama amepata mchumba.

Alianza na jamaa mmoja mnene aliyevaa mbawa za kadibodi.

"Kaka, umesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Na mbawa hizo! Pole sana, mwanangu. Sikiliza, lakini usipayuke." Lonnie akasogea karibu. "Bibi amechoka. Saa nane anaondoka. Foleni hii nusu yake haifiki."

Jamaa akabadilika rangi. "Usiniambie!"

"Ila kampuni imefungua huduma ya mlango wa nyuma, kwa wateja wachache wa heshima. Unanipa kitabu na dola themanini, napita nyuma, bibi anasaini mbele yangu, nakuletea na cheti. Nusu saa tu. Wewe unakwenda zako kukaa chini na kula."

"Na kwa nini mimi?"

"Kwa sababu," alisema Lonnie kwa sauti ya mchungaji anayefungisha ndoa, "nimeona uvumilivu wako."

Uvumilivu ulitoa dola themanini bila kupepesa. Lonnie akapanda ngazi za dharura mpaka ghorofa ya tatu, mahali pasipopita mtu, akakaa, akatoa kalamu ya wino wa dhahabu, akasaini. Ile O aliipiga mviringo kama yai, na D akaipa mkia wa mbwembwe. Kufikia saa sita mchana alikuwa amewahudumia watu kumi na watatu, na bahasha iliyokuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti imenona.

Hapo ndipo alipojitokeza daktari wa meno.

Dokta Preston Haldane hakuwa na joho wala barakoa. Alikuwa na mkoba wa ngozi, na alikuwa akiwasemesha walinzi kana kwamba amewaajiri.

"Mimi dakika yangu moja ni pesa," alikuwa akisema. "Siwezi kusimama nyuma ya mtu aliyevaa mkia!"

Lonnie akamvuta pembeni kwa upole. Daktari akafungua mkoba. Ndani, juu ya kitambaa cheusi, lilikuwa limelala toleo la kwanza la Mlinzi wa Tanuru, rangi zake kali kama limetoka kiwandani jana. Lonnie akainama kulitazama.

"Umelipata wapi, Dokta?"

"Kwa mjane mmoja kule Altoona. Nilimpa dola sitini." Daktari akacheka mpaka meno yake mazuri yakaonekana yote. "Hakujua ana nini. Linafika elfu tisa, na likisainiwa, elfu ishirini."

"Mungu ambariki mjane," alisema Lonnie. "Kitabu kama hiki nitakihudumia mimi mwenyewe binafsi."

Akakipokea kwa mikono miwili. Hata hakuomba zile themanini, na daktari, badala ya kushtuka, alijipongeza moyoni kwa kukwepa malipo.

Mpango ulikuwa rahisi. Lonnie apande ngazi za dharura, avue kizibao, ashukie upande wa pili, atokee kando ya mto, na Pittsburgh isimwone tena. Lakini alipofika ghorofa ya tatu alikumbuka kwamba mkononi bado ana kitabu cha msichana mmoja aliyemlipa, na Lonnie, kwa namna yake, alijiona ni mtu wa kazi. Akakaa akisaini. Alikuwa kwenye mkia wa D aliposikia sauti nyuma yake.

"Mkia mfupi huo."

Bibi mmoja mwembamba, mwenye sweta la kijani na raba nyeupe, alikuwa amekaa ngazi tatu juu yake, karatasi ya foili magotini, akila pirogi, sambusa laini za Kipolandi zilizojazwa viazi, kwa vidole. Mlango wa juu ulikuwa bado unajifunga taratibu.

Lonnie hakutetemeka. Hiyo ndiyo iliyokuwa fani yake.

"Bibi, umenishtua! Mimi ni msaidizi wa Mama Dombrowski. Mikono yake inamsumbua, maskini, siku hizi hata kijiko hawezi kushika. Kwa hiyo ananiomba nimsaidie mojamoja. Siri yetu lakini."

"Maskini," alisema bibi, akameza pirogi. "Na pesa je, anapata?"

"Nusu kwa nusu. Analia kwa furaha kila nikimpelekea."

"Opal analia? Ajabu. Miaka thelathini nimemfulia na kumpikia, sijamwona akilia hata siku aliyovunjika nyonga." Akajifuta vidole. "Lakini D yake kweli ina mkia mrefu zaidi. Ivute mpaka chini ya jina. Ehee. Sasa umepata."

Lonnie akakiangalia alichokiandika. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Akampenda bibi yule ghafla.

"Kumbe wewe ni mtu wa nyumbani kwake!"

"Wa nyumbani kabisa. Na kwa kazi yote hiyo unajua ananipa nini? Makaratasi!" Bibi akafungua pochi yake kubwa, akatoa bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha mchoro uliobandikwa juu ya kadi nene. Mlinzi wa Tanuru mwenyewe, amebeba chungu cha chuma kilichoyeyuka, cheche zikimrukia usoni, kila msuli umechorwa kwa wino mweusi. "Eti zawadi. Mimi nitaila hii? Nataka kubadilisha boila ya maji moto."

Lonnie alijua michoro. Ukurasa wa mkono wa Opal ulikuwa haujauzwa popote tangu bibi yule ajifungie, na wa mwisho ulikwenda kwa elfu thelathini.

"Boila bei gani siku hizi, bibi?"

"Sijui. Elfu moja na kitu."

"Mimi nina elfu moja na mia moja na ishirini," alisema Lonnie, akiitoa bahasha ya siku nzima. "Nakupa zote. Roho yangu ndivyo ilivyo."

"Una roho nzuri. Na hicho kitabu kikuukuu? Mjukuu wangu anapenda sana katuni. Nitilie na hicho."

Lonnie akasita, lakini kwa sekunde mbili tu. Kitabu cha daktari kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe muda si mrefu angeanza kupiga kelele. Mchoro haukuwa na wa kuulilia. Kumpa bibi kitabu ilikuwa ni kumpa ushahidi autie kwenye pochi yenye harufu ya vitunguu. Akampa. Bibi akakunja foili yake, akamshika bega kwa kujiinulia, akapanda zake.

Dakika kumi baadaye msichana alikuwa amerudishiwa kitabu chake, kizibao kilikuwa kwenye pipa la taka na Lonnie alikuwa mbele ya Fiorello Stancato, mzee anayenunua na kuuza michoro, ambaye kibanda chake kilikuwa pembe ya mbali kabisa ya ukumbi. Fiorello akauinamia mchoro kwa lenzi, akauchunguza mstari kwa mstari.

"Mkono wa Opal," alisema hatimaye. "Hakuna ubishi. Mkono wa Opal asilimia mia."

Lonnie akatabasamu kama bwana harusi.

"Lakini wino bado unanuka." Mzee akaingiza ukucha kwenye pembe ya kadi, akabandua taratibu, akageuza. Nyuma ya Mlinzi wa Tanuru kulikuwa na maandishi madogo: mayai ya kukaanga, uji wa shayiri, juisi ya machungwa, na jina la hoteli ya ng'ambo ya barabara. "Hii amechora leo asubuhi akisubiri chai, kaka. Si ukurasa wa kitabu. Akiisaini mbele ya shahidi unaweza kupata elfu nne. Bila sahihi, mimi nakupa hamsini."

Lonnie alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Hasara ilikuwa hasara, lakini elfu nne zingeifuta. Na sahihi ya kweli, yenye shahidi wa kweli, ilipatikana njia moja tu.

Akasimama kwenye foleni. Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akasogea hatua kwa hatua, kanyaga nikukanyage, miguu ikiwaka moto. Saa mbili nzima. Mara kipaza sauti kikatangaza jambo fulani kuhusu watu waliolipia mlango wa nyuma, lakini kelele za umati zilimeza maneno. Alipofika mezani hatimaye, pazia la buluu likavutwa, na pale akamwona mtu mwenye sweta la kijani na raba nyeupe.

"Karibu, mwanangu," alisema Opal Dombrowski. "Nilikuwa naanza kuhofia umekwenda kunywa bia."

Lonnie aligeuka. Nyuma yake alikuwa amesimama mlinzi mpana kama kabati. Pembeni mwa meza alikuwepo daktari wa meno, kitabu chake mkononi, uso umemwiva, na kando yake jamaa wa mbawa za kadibodi pamoja na wengine kumi na watatu, kila mmoja na dola zake themanini zilizorudi.

"Polisi wanakuja," alisema Opal, "lakini barabara imejaa, tuna nafasi. Lete mchoro. Jina lako la kweli nani? Si la shingoni."

Labda ni mshtuko. Labda ni kule kutazamwa na macho yale makavu. Jina alilopewa na mama yake likamtoka mdomoni bila kuombwa ruhusa. "Lonnie Vrabel."

Opal akaandika polepole, vidole vimekunjika lakini imara, huku shahidi wa kweli, dada aitwaye Joelle, akisoma kwa sauti na kujaza fomu: "Kwa Lonnie Vrabel, mwizi wa sahihi yangu, aliyeununua mchoro huu ngazini kwa pesa za watu. Opal Dombrowski." Mkia wa D ulifika mpaka ukingoni. Mchoro ukafungwa kwenye kasha, mhuri ukapigwa, na foleni nzima ikapiga makofi.

Kisha wale wenye vitabu vya sahihi bandia wakapita mmoja mmoja, na chini ya kila sahihi ya Lonnie bibi akaandika: "Ya juu si yangu. Hii ndiyo." Kabla jamaa wa mbawa hajafika mlangoni, wanunuzi walikuwa wamekwishamwahidi dola mia nane kwa kitabu chake. Daktari alipoona hivyo akarukia mezani.

"Na mimi! Changu hakijaghushiwa! Nimeonewa!"

"Wewe," alisema Opal, "nitakusainia nikipata simu ya yule mjane wa Altoona uliyekuwa ukijisifu hapa kumpunja."

Polisi walipofika walimkuta Lonnie ameketi kwenye benchi karibu na mlango, kasha lake magotini, na mbele yake kijana tajiri wa California aliyevaa joho la zambarau.

"Nakupa elfu sita taslimu," kijana alikuwa akimsihi. "Mchoro wenye kisa kama hiki haupo dunia nzima. Ila nahitaji kuthibitisha kwamba wewe ndiye Lonnie Vrabel mwenyewe, mwizi halisi. Una kitambulisho?"

Lonnie akatoa pochi. Akatoa leseni ya Craig Hollis, na ya Dale Munson, na ya mtu aitwaye Mchungaji Everett Sipes. Akapekua tena, akageuza pochi juu chini, akaitikisa.

"Ni mimi, jamani," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilitetemeka. "Naapa ni mimi!"

Kijana wa joho akamtazama kwa huruma, akatikisa kichwa. "Wote husema hivyo, kaka," akasema, akaenda zake kununua donati.