Trekta la Mama Miche Lina Kiti Kimoja

Redio ilikuwa mezani kwangu, kifuniko chake cha nyuma kimefunguliwa, na ndiyo kwanza ilikuwa imepata sauti baada ya kukaa bubu wiki nzima. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya taarifa ya habari: matrekta madogo yameingia sokoni, mbele yana beleshi kubwa la kuzolea udongo, nyuma yana mkono wenye kijiko cha kuchimbia, na trekta moja linafanya kazi ya vibarua ishirini.

"Ishirini!" Waziri akatua kikombe kwa kishindo. "Na hao vibarua ishirini watakwenda wapi?"

"Watakuja hapa," akasema Bi Birika, mwenye kahawa na mwenye benchi. "Nanyi mtawapisha, maana wao wamezoea kulipa."

Meza yangu ya kutengenezea redio inapakana na benchi hilo, kwa hiyo mambo yao huyasikia hata nisipotaka. Waziri hajawahi kuchaguliwa hata kusimamia foleni, lakini akiongea utadhani kuna mtu anaandika hotuba. Pembeni yake hukaa Shahidi. Hakuna jambo lililotokea duniani ambalo yeye hakulishuhudia.

"Trekta hilo mimi nimeliona kwa macho yangu," akasema Shahidi. "Dogo kama meza. Liliinua lori! Lori na dereva wake ndani, anakula."

"Anakula nini?"

"Sikusogea karibu."

Wa tatu ni Shemeji, mrefu kama nguzo ya umeme, mdogo wa mume wa Mama Miche. Mama Miche humwita shemeji kwa adabu, nasi tukalichukua jina, adabu tukaiacha hukohuko. Alikuwa amefungua mdomo kutoa maoni yake kuhusu lori tuliposikia kwiii, kwiii, kwiii kutoka kona ya pili.

Hapa mtaani hakuna asiyeijua sauti hiyo. Ni toroli la Mama Miche. Lilikuja limejaa samadi mbichi, naye nyuma yake, kilemba kimelegea. Akaliegesha, akaketi mwisho wa benchi na kuanza kusugua viwiko vya mikono.

"Mpe kahawa," Shemeji akasema kwa ukarimu. "Atalipa mwenyewe."

"Nimewasikia tangu konani. Matrekta hayohayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani," akasema Mama Miche. "Nimetoka kwa muuzaji asubuhi hii. Amenipa mpaka adhuhuri nichague, kuna mteja mwingine anasubiri."

Mama Miche ana kitalu nyuma ya nyumba za mtaa wetu, na amepata kazi ya kuotesha miti ya kando ya barabara mpya, pande zote mbili. Udongo wote wa kujaza vifuko, mchanga wote na samadi yote vimepita katika toroli lile moja na mikono ile miwili. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa. Alipopigiwa simu alijibu, "Amua mwenyewe, nakuamini," kisha mtandao ukakatika. Haijulikani kama ulikatika au ulikatwa.

"Pesa niliyo nayo inatosha kosa moja tu," akasema Mama Miche, "na hilo nilishalifanya kwenye pikapu."

Watu wakatazama ndani ya vikombe vyao.

Pikapu hiyo aliinunua kwa jasho lake mwenyewe, ikafa kwa kuazimwa. Ilibeba harusi za wengine na misiba ya wengine. Ilibeba magodoro ya Shahidi alipohama, ikayabeba tena aliporudi. Ilibeba spika za Waziri alipogombea uenyekiti wa klabu ya mpira, akapata kura mbili, akadai ya tatu ameibiwa. Miche iliipanda mara chache mno. Sasa imekaa juu ya matofali, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

"Ile pikapu ilikuwa na bahati mbaya," akasema Shemeji.

"Ilikuwa na shemeji," akasema Bi Birika.

Mama Miche akacheka kidogo, kisha akaeleza. Kwa muuzaji kuna matrekta mawili, na bei zake ni sawa. La kwanza ni kubwa, lina beleshi mbele na nyuma lina mahali pa kufungia tela. La pili ni dogo, lina beleshi mbele na kijiko nyuma. "Muuzaji ananiambia kijiko ni mzigo kwa mtu wa miche. Udongo mimi nauzoa, siuchimbi. Nitakitumia mara ngapi kwa mwaka?"

"Kubwa!" wakajibu wote watatu kwa pamoja.

Mimi watu hawa sijawahi kuwasikia wakikubaliana, hata kuhusu leo ni siku gani. Nikapunguza sauti ya redio.

"Trekta ni heshima," Waziri akaanza, mkono mmoja hewani. "Likipita, watu wafunge madirisha kwa mtetemo! Sasa mama mzima, mwenye mkataba wa barabara, upite na kitu ambacho mbwa anakikimbiza?"

"Vijia vya kitaluni kwangu ni vyembamba, Waziri. Hilo kubwa likiingia litakanyaga miche kulia na kushoto."

"Ng'oa safu moja."

"Hiyo safu moja ndiyo inayolipa kahawa hii."

"Basi usiing'oe," Bi Birika akadakia.

"Na tela je?" akauliza Shemeji. "Ukifunga tela, shemeji yangu, unabeba watu thelathini!"

"Watu thelathini wanakwenda wapi na miche?"

"Kwa dharura."

"Dharura zako nazijua, shemeji. Huwa zina muziki."

Shahidi akapiga goti. "Sikilizeni. Dogo halina nguvu. Nililiona moja limejaza beleshi, likasimama kwa magurudumu ya mbele kama mbuzi anayekula majani ya juu."

"Mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma," Waziri akamsahihisha.

"Huyo hakuwa mbuzi wa kawaida."

"Leo amesema kweli," akasema Mama Miche, na Shahidi mwenyewe akashtuka. "Nilimwambia muuzaji akitoe kijiko, tujaribu. Tukazoa udongo uliolowa, magurudumu ya nyuma yakaning'inia hewani. Akakirudisha kijiko, tukazoa udongo uleule, likatulia kama kuku anayeatamia. Kumbe kile kijiko, hata kisipochimba, uzito wake unalishika trekta chini."

"Mmesikia?" Bi Birika akawamiminia tena. "Kuna kitu kinakaa nyuma tu, hakifanyi kazi, na bado kina faida. Mjifunze."

Shemeji hakuwa na haja ya mafunzo. Alikuwa ameshageuza ndoo ya kuoshea vikombe juu chini, ameikalia, na mfuniko wa sufuria ameushika mikononi kama usukani. "Tuache mambo ya kijiko. La msingi ni dereva. Wewe, shemeji, mikono yako ni ya miche. Chuma tuachie sisi. Mimi nitakuendeshea bure. Funguo zitakaa kwangu, hutasumbuka hata kidogo." Akakata kona, magoti yakafika masikioni.

"Muuzaji ni mrefu kama wewe," akasema Mama Miche polepole. "Alipokaa kwenye lile dogo, magoti yake yaligonga usukani. Hakuweza kukata kona."

"Kasoro!" Shemeji akaruka. "Kasoro kubwa hiyo! Trekta gani halikaliwi na binadamu?"

"Mimi yangu hayakugonga."

Hakuna aliyelishika neno hilo, kwa sababu Waziri alikuwa ameanza kujikuna kidevu. Waziri akijikuna kidevu, sera inabadilika.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hicho kijiko. Kinaweza kuchimba mtaro?"

"Ndiyo kazi yake."

"Mtaro, tuseme, kutoka mlangoni kwa mtu mpaka barabarani? Natoa mfano tu. Mtu ambaye mvua ikinyesha, sebule yake inakuwa na kina kirefu na kina kifupi."

"Huyo mtu wa mfano ameshatafuta wachimbaji?"

"Ameshawatafuta! Walikuja, wakaangalia, wakaomba maji ya kunywa, hawakurudi. Ardhi ngumu kama moyo wa mwenye nyumba."

Shahidi akasogea karibu. "Na mimi nina mfano. Kuna mtu shimo lake la choo limejaa. Simsemi mtu."

"Huna haja ya kumsema," akasema Bi Birika. "Mfano huo tunaunusa mpaka hapa."

"Linahitaji shimo jipya," Shahidi akaendelea, masikio yamemwiva. "Je, kijiko kinashuka mpaka wapi?"

"Kimo cha mtu aliyenyoosha mkono juu. Kitaanza, na kipande kigumu cha juu ndicho kinachowashinda wachimbaji. Kule chini udongo wetu ni laini. Wakikuta shimo limeshaanza, wataingia."

"Mtu huyo wa mfano atafurahi sana."

"Na wewe shemeji, huna mfano?"

Shemeji akashusha mfuniko. "Mimi sina siri. Kile chumba changu cha mbele. Msingi."

"Kile ulichotuambia umeshakijenga?" akauliza Waziri.

"Nilishakijenga kwa mawazo. Msingi ndio umechelewa."

Mama Miche alimaliza kahawa yake. Alikuwa ametulia sana, kama mtu anayehesabu mbegu kiganjani. Akatoa simu, akaipiga palepale mbele yetu. "Nimeamua. Lile dogo. Na kijiko chake, usikitoe. Nakuja sasa hivi."

Benchi likalipuka. Waziri alimpongeza kwa niaba ya wananchi wote. Shahidi akasema alijua tangu jana, alimwona mtu anayefanana naye akilinunua. Hakuna aliyekumbuka kwamba muda mfupi uliopita wote walikuwa upande wa kubwa.

"Nyinyi ndio mlionisaidia," akasema Mama Miche, akikaza kilemba. "Nilitoka kule nikiwa nusu kwa nusu. Muuzaji aliniuliza mashimo yako wapi, sikuwa na jibu. Kumbe yako hapa kwenye benchi."

"Sasa, Mama Miche," Waziri akashusha sauti, "mtu wa mfano aje kuliazima lini?"

"Haliazimwi."

Hata redio ilinyamaza. Ilikuwa ni waya tu, lakini ilinyamaza vizuri.

"Linakodishwa," akaendelea kwa upole uleule. "Linakuja na dereva wake. Dereva ni mimi. Lina kiti kimoja, nimeshakikalia, na magoti yangu hayagongi. Asubuhi ni la miche, alasiri ni la mashimo. Waziri, wewe wa kwanza, kabla mvua haijarudi. Shahidi utafuata, kwa faida ya mtaa mzima. Malipo kabla kijiko hakijagusa ardhi."

"Jamani!" Shahidi akatutazama mmoja mmoja, akitafuta shahidi. "Tumejichimbia wenyewe."

"Bado," akasema Bi Birika. "Lipieni kwanza."

Shemeji akasimama, akawa mrefu kuliko kivuli cha paa. Akaweka mkono kifuani. "Hao sawa, ni watu baki. Lakini mimi? Damu? Kaka yangu akisikia kwamba mdogo wake amekodishiwa kama mpita njia..."

"Mtegemea cha ndugu," Bi Birika akaanza.

"Bi Birika, hapa ni mambo ya ukoo!"

Mama Miche alimtazama kwa muda. Nami nikaacha kuchomelea. Nilijua, kama alivyojua kila mtu, kwamba pikapu nayo ilianza hivihivi, kwa mkono kifuani. Ikiwa angesema ndiyo leo, kuku wangepata kiti kingine cha kutagia.

"Una haki, shemeji," akasema. "Wewe si mtu baki. Wewe nitakuazima."

Waziri akaguna. Shahidi akafunga macho, jambo ambalo halijapata kutokea. Uso wa Shemeji ukafunguka kama dirisha.

"Niliwaambia! Damu nzito! Lini?"

"Sasa hivi. Huna haja hata ya kulirudisha." Akageuka, akashika mishikio miwili ya toroli, akalizungusha taratibu mpaka mishikio ikamwelekea Shemeji. "Kuanzia leo halina kazi kwangu. Utajengea chumba chako cha mbele. Ila samadi iliyomo kaimwage kitaluni kwanza, karibu na geti. Asante, shemeji."

Akaenda zake kwa muuzaji, mikono mitupu inaning'inia pembeni, akitembea kama mtu aliyesahau namna ya kutembea bila kusukuma kitu.

Tulicheka mpaka Bi Birika akamwaga kahawa, naye hamwagi kahawa. Shemeji alisimama pale akisubiri tuchoke. Hatukuchoka. Mwisho akainama, maana mishikio ilikuwa chini sana kwake, akalinyanyua toroli, na kwiii, kwiii, kwiii, akaanza kuondoka amepinda mgongo kama mtu anayetafuta sindano barabarani.

Alikuwa karibu kufika kona Waziri aliposimama juu ya benchi na kukinga mikono mdomoni.

"Shemeji! Kesho una kazi nalo hilo? Nilikuwa nataka kuliazima!"