Habari za Kushushwa kwa Saa ya Mwendo

Enyi mliomo humu na enyi mlio njiani kuja, wekeni vikombe chini, zimeni redio, na yule anayekohoa akohoe sasa amalize kabisa. Maana nataka kunena habari kubwa, habari ya bamba moja la alumini na mashimo yake, ambayo waandishi wa mambo ya falme wameipita kana kwamba haikutokea. Mimi ni jirani. Niliyaona haya kwa macho yangu, nikiwa nimekalia ndoo ya rangi, na sitaongeza neno hata moja isipokuwa pale litakapohitajika.

Palikuwa na shujaa, fundi wa majokofu, aitwaye na mtaa mzima Mtuliza-Joto, mfufuaji wa friji ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa. Shujaa huyu alipostaafu hakufuga kuku wala hakufungua duka, kama walivyofanya wenzake wenye akili zao, bali aliazimia kuunda ndege, na kwa hakika aliiunda. Kiwiliwili chake kikaijaza gereji, mkia ukatokeza nje kwa upande wa nyuma, chini ya turubai. Bawa la kushoto likaning'inia ukutani, na bawa la kulia likalazwa kwenye korido ya nyumba, hata wageni wakawa wanakwenda chooni ubavu ubavu. Injini ilikuwapo, magurudumu yalikuwapo. Ilibaki dashibodi peke yake, yaani bamba lile litakalobeba saa zote za rubani: saa ya mwendo, saa ya kimo, saa ya mafuta, dira na redio. Bamba lilikuwa moja tu, limekatwa kwa umbo la kifua cha ndege, na tundu likishatobolewa halizibiki.

Ndege hiyo ilikuwa na viti viwili, bega kwa bega. Cha kushoto ni cha rubani. Cha kulia shujaa alikiunda kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa ni mkewe, karani wa posta, Malkia wa Dirisha la Stempu, mwanamke ambaye hajawahi kupokea bahasha bila kumwuliza mwenyewe ameandika nini juu yake. Na malkia huyo alikuwa amekataa kukikalia.

"Mimi ukiniridhisha kwamba unaona unakokwenda, nitapanda," alimwambia mapema kabisa. "Kabla ya hapo nitakupungia mkono nikiwa chini."

Shujaa alicheka siku ile, akadhani anataniwa kuhusu uendeshaji wake wa gari. Lakini alikipiga msasa kiti kile hata kikawa laini kuliko cha kwake, kisha akakipiga tena. Jambo hilo lilimuuma. Nalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema.

Basi ikawa, siku ya Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, shujaa akamwita msaidizi wake vitani: shemeji yake, kaka wa mkewe, mwalimu wa udereva, Mtetezi wa Alama za Barabarani, mtu ambaye hawezi kubadili gia bila kueleza kwa nini. Wakatandaza boksi lililofunguliwa juu ya meza ya kulia chakula, lenye ukubwa sawasawa na bamba. Wakaleta vifuniko: cha jamu kiwe saa ya kimo, cha chupa ya maziwa kiwe saa ya mafuta, cha kopo la kahawa kiwe saa ya mwendo. Juu ya kila kifuniko walibandika karatasi yenye tarakimu, na katikati wakatia pini na njiti ya kiberiti iwe mshale. Wakasimama juu ya meza hiyo, mikono nyuma, kama majemadari wawili wasio na jeshi.

"Shemeji," akanena mwalimu wa udereva, "nchi hii ya boksi ina kaskazini yake na kusini yake, na katikati ya nchi ndipo penye kiti cha enzi. Naiomba redio ikae hapo. Mtu asiyesikika ni mtu aliyepotea!"

"Shemeji yangu," akajibu Mtuliza-Joto, "redio ina mdomo, haina macho. Nami sitamweka mpiga kelele mahali pa mlinzi. Redio itakaa kulia, na hapo itakaa mpaka nitakapozikwa."

Wakapigana vita hivyo kwa muda mrefu, redio ikienda kulia na kurudi katikati, dira ikipanda na kushuka, na mimi nikisogeza ndoo yangu kila upepo wa maneno ulipogeuka. Jambo moja tu halikupiganiwa. Saa ya mwendo iliwekwa juu, kushoto.

"Kila ndege duniani," alisema shemeji, na hapo akainua kidole, "saa ya mwendo iko juu kushoto."

"Juu kushoto," alikubali shujaa. Alilisema upesi mno, nami nikaona, lakini nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni na chai ilikuwa bado haijaletwa.

Hapo ndipo malkia alipotoka chumbani, maana alitaka meza yake. Akalitazama boksi.

"Katika hivi vifuniko," akauliza, "kipi kikikosewa mtu anakufa?"

Mtuliza-Joto akavuta pumzi, akanyoosha mkono juu ya kifuniko cha kahawa. "Hiki, mke wangu. Hiki ndicho kipima uhai. Wakati wa kutua, mwendo ukishuka chini ya arobaini, mabawa huacha kubeba, na ndege huja chini kwa namna ambayo si kutua."

"Sawa. Sasa mbona mmesimama? Ndege inaendeshwa mkiwa mmesimama?"

Majemadari wakatazamana. Ni kweli kwamba tangu chakula cha mchana walikuwa wameiangalia dashibodi kutokea juu, kama watu wanaoangalia supu. Hakuna aliyekuwa amekaa.

Basi jeshi likahamia gereji. Boksi likabanwa ndani ya ndege kwa vibanio vya nguo, mahali bamba litakapokaa. Shujaa akapanda, akavaa miwani yake, ile yenye lenzi mbili, ya juu kwa mambo ya mbali, ya chini kwa kusomea. Akashika usukani. Mbele yake, nje ya mlango wa gereji, lilisimama tangi langu la maji, nalo likateuliwa kuwa uwanja wa ndege.

"Unatua," alisema mkewe, akiwa amesimama upande wa kulia. "Tazama tangi. Kimo?"

"Mia mbili!"

"Mafuta?"

"Nusu!"

"Mwendo?"

"Sitini na tano, thabiti, bila kutetereka!"

 Malkia akaingiza mkono taratibu, akaisogeza njiti ya kiberiti ya kifuniko cha kahawa, shujaa akiwa amelikazia macho tangi langu.

"Mwendo?"

"Sitini na tano, nimekwambia!"

"Thelathini," alisema malkia, kwa sauti ileile anayoitumia kuwaambia watu kwamba stempu zimekwisha. "Tumekufa. Wewe umekufa, mimi nimekufa, na tangi la jirani limepasuka."

 Shemeji akajaribu kumtetea mwenzake, akadai kwamba mwanga ulikuwa hafifu. Shujaa akainua kidevu, akachungulia kwa lenzi ya chini, akasoma: thelathini.

"Hapo umeiona," alisema mkewe. "Na tangi?"

"Tangi..." Akashusha pumzi. "Tangi silioni. Nikiliona tangi, saa siioni. Saa iliyo juu inakuwa ukungu mtupu. Ile sitini na tano nilikuwa nimeikariri pale mezani."

"Najua huoni. Jana uliitia chumvi chai ukaimaliza yote kwa aibu. Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungepanda?"

"Hukusema. Nimepanda?"

 Mfufuaji wa friji alikaa, mikono juu ya magoti, akakitazama kiti cha kulia.

"Ishushe," alisema mkewe, safari hii polepole. "Iweke pale unapoiona bila kuinua kidevu."

"Dada!" alipaza sauti Mtetezi wa Alama za Barabarani. "Desturi ya anga! Kila ndege duniani —"

"Kaka, kila ndege duniani haiendeshwi na huyu."

Hapo Mtuliza-Joto akainuka, nusu ya mwili ndani na nusu nje. Akaing'oa saa ya mwendo kutoka ngome yake ya kale, akaishusha vidole vinne, akaifukuza saa ya mafuta iliyokuwa imelala hapo, akaketi. Malkia akaisogeza njiti. Hamsini, akasema shujaa, macho yakiwa kwenye tangi. Akaisogeza tena. Arobaini na mbili. Tena. "Sabini, na tunakwenda mbio mno, punguza." Kila mara alipatia, na kila mara sauti yake ilizidi kuwa ya mtu wa kawaida.

Kisha bamba likaletwa, duara likachorwa kwa kalamu ya wino, keekee ikanguruma, na alumini ikatoboka vidole vinne chini ya mahali ambapo dunia nzima huitoboa. Naitangaza siku hiyo kuwa siku kuu. Kuna wafalme waliohamisha mipaka ya nchi kwa kazi ndogo kuliko hiyo. Shemeji alipiga saluti, kwa shingo upande, lakini alipiga.

Malkia yeye akazunguka, akapanda, akaketi kwenye kiti cha kulia. Akaliangalia tundu lile jipya kutokea upande wake, akaliona vizuri. Halafu akaanza kupapasa kiunoni, upande huu na upande ule.

"Mkanda wangu uko wapi?" akauliza.

Haukuwapo. Shujaa hakuwahi kuufunga kwenye kiti kile, kwa kuwa hakuwahi kuthubutu. Aliruka chini, akaenda kwenye benchi la vifaa kutafuta futi ya kumpimia, akaipita pale ilipolala mara kadhaa asiione, maana miwani alikuwa ameishika mkononi, akiifuta na kuifuta kwa pindo la shati.