Mkaguzi Aliyebeba Mtoto

Jumatatu, 14 Julai 2025
Herieth wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara kaja mbio. Eti wiki hii mkaguzi atapita Manzese akijifanya mzazi, aone watoto tunawapa dawa gani. Ukimuuzia antibiotiki bila cheti cha daktari, duka linafungwa! Nikamjibu, mimi Valerian sitishwi. Uongo mtupu. Mie kipimo cha mtoto nakadiriaga kwa macho: mnene kijiko kizima, mwembamba nusu. Lakini nina mbinu. Mkaguzi nitamtambua tu, nimfanyie yote ya kitabuni. Wengine kama kawaida.

Jumanne, 15 Julai
Nimemnasa! Mama kijana, anaitwa Recho, mgongoni kambeba mwanawe Lusungu, homa na kikohozi. Kaomba amoksi, ile antibiotiki ya maji, upesi, anawahi kazini. Mtego huo! Nikasema hapana dada, kwanza tumwangalie. Nikafungua kitabu mbele yake, aone. Kitabu kinasema mvue shati, tazama kifua. Nikamvua. Mungu wangu! Kila akivuta pumzi mbavu zinazama. Wakaguzi hawana huruma, wanaleta mtoto mgonjwa kweli kwenye mtihani!

Nikafunga duka, nikaita bajaji, mbio hadi hospitali ya Mwananyamala. Njiani Lusungu kanishika kidole, haachii. Nikasahau mambo ya kufaulu. Nilisali tu, hata sala za utotoni. Daktari kasema ni nimonia, na tumewahi. Tungesubiri mpaka kesho tungekuwa tunasema mengine. Nikatoka nje nikalia, koti jeupe likawa leso.

Alhamisi, 17 Julai
Nimempelekea Lusungu uji wodini. Anapumua vizuri, kanicheka kipara. Nampenda mtoto huyu, sijui nifanyeje. Recho kaniita kaka, machozi yanamtoka. Nikamnong'oneza asijali, siri yake nitaitunza. Akanishangaa. Kazi anaijua!

Jumamosi, 19 Julai
Mchana kaja mama mmoja na kandambili zake, mtoto kamwacha nyumbani anakohoa. Kaomba amoksi. Huyu wa kawaida. Nikamuuliza mtoto mnene au mwembamba. Akasema wa wastani. Nikampa chupa, nikamwelekeza robo tatu ya kijiko. Akatoa kitambulisho.

Duka limefungwa mpaka nimalize mafunzo. Herieth kaniletea chapati, hata hakunicheka. Nikamwambia asihuzunike, mkubwa wa hao wakaguzi ni Recho, na Recho ni kama dada yangu. Akauliza Recho yupi, huyu muuza maandazi wa kona ya pili?

Jioni Recho mwenyewe kapita na Lusungu, karuhusiwa leo. Mtoto kaninyooshea mikono nimbebe. Nikambeba mpaka kwao. Kweli kuna jiko, karai na unga mezani. Nikala maandazi matatu, matamu ajabu. Nikamkonyeza Recho. Serikali ikiamua kumficha mtu, inamfundisha mpaka kukanda!