Wiki Niliyowafundisha Watoto wa Ikolo Kulia

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kikao cha kijiji. Mtafiti kijana, Nancy, kaja kutoka chuoni kupima ubora wa maisha ya watoto wetu. Si kwa mizani! Anauliza swali, mtoto anagusa picha ya uso: unaocheka, ulionuna au unaolia. Wanakula vizuri? Wana marafiki? Wanasikilizwa? Majibu, alisema, yataonyesha wapi pana shida.

Wenzangu walipiga makofi, wakaenda zao. Mimi nilielewa. Penye shida ndipo hupelekwa kisima! Kitongoji chenye watoto wenye huzuni kuliko vyote ndicho kitakachopata. Na atakayekileta, yaani mimi, atakuwa mwenyekiti wa kitongoji badala ya Amon. Amon anayesinzia vikaoni!

Jumanne, 11 Machi

Mafunzo yameanza, shambani kwangu, katikati ya mikakao. Nimewafundisha watoto kulegeza mabega, kuvuta kamasi na kugusa uso unaolia kwa kila swali. Wakacheka. Nikawapa ndizi mbivu wapate nguvu ya kuhuzunika. Wakacheka zaidi.

Godwin peke yake alilia vizuri, machozi kabisa. Nikamsifu mbele ya wenzake. Kumbe kasimama kwenye siafu.

Mke wangu Jeni kauliza ulikokwenda mkungu aliowawekea wageni wa kanisani. Nikamwambia maendeleo yana gharama. Nimelala na njaa.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya vipimo. Nancy kawaita watoto darasani mmoja mmoja, akaomba wazazi tukae nje. Nikakaa dirishani. Dirishani pia ni nje.

Godwin aligusa uso unaolia kwa kila swali, huku akicheka mpaka akashikilia dawati. Nancy akamuuliza kinachomliza ni nini.

"Sijui, dada," akajibu kwa heshima zote. "Anajua Baba Kisa. Ndiye aliyetupa ndizi."

Nancy akatoka. Hakufoka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alisema majibu ya asubuhi hayafai, ataanza upya. Akasema kama yupo mtoto mwenye shida ya kweli, nilikuwa karibu kumficha katikati ya vilio vya uongo. Kisha akaniomba nikasubiri ng'ambo ya uwanja.

Amon akaniletea kigoda. Yeye mwenyewe, kwa mikono miwili! Mnafiki.

Ijumaa, 14 Machi

Kisa, binti yangu wa miaka tisa, alikuwa jikoni akimsimulia mama yake. Mimi nje, natia jembe mpini. Alisema mara ya pili alijibu kweli tupu. Chakula: uso unaocheka. Marafiki: unaocheka. Kusikilizwa nyumbani: unaolia.

Jeni akauliza kwa nini.

"Baba nikianza tu kusema, ananiambia ngoja kwanza."

Jembe likaniangukia mguuni. Sikupiga hata kelele.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempakia Kisa kwenye baiskeli mpaka ziwani, Itungi. Nikanyamaza. Ni kazi kuliko kupalilia mpunga! Akasimulia ndama wetu. Akasimulia chafya za mwalimu wa hesabu. Halafu, polepole, akasema mvua zikinyesha anaogopa kuvuka kijito cha njia ya shule. Juzi maji yalimfika kifuani. Alitaka kuniambia siku ile ile.

Nikamwahidi kwamba kila asubuhi ya mvua nitamvusha mwenyewe, mgongoni. Akanishika mkono. "Ndaga fijo, baba." Asante sana, kwa lugha ya bibi yake. Sijapata kusikia shukrani tamu kama hiyo.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka na wazo! Kyela nzima hakuna anayejua kusikiliza watoto kama mimi. Nikamwomba mchungaji nafasi wakati wa matangazo. Njiani Kisa alinivuta mkono tangu nyumbani; nikamwambia asubiri, napanga hotuba.

Nikasimama mbele. Nikasema kwa kirefu na kwa nguvu. Kanisa zima likacheka. Kwaya ikainama. Nancy, kiti cha nyuma, akafunika uso, nadhani kwa kuguswa.

Baadaye Jeni kanieleza: nilivaa shati nje ndani. Kisa aliliona tangu mlangoni.

Sasa mbona hakusema? Hili ndilo tatizo kubwa la watoto wa siku hizi. Naandaa mafunzo mapya, na Nancy nitamwalika: namna ya mtoto kuzungumza na baba yake.