Taa ya Kukunja kwa Harusi ya Novatus

Jumatatu, 31 Julai 1995

Wazo limenijia nikimenya ndizi. Taa! Novatus, mwana wa dada yangu, anaoa Jumamosi, na mimi mjomba mtu sina zawadi. Huyu ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli hadi hospitali malaria iliponizidi, mvua yote ikamwishia yeye. Siendi mikono mitupu! Taa ya urembo, ya bati, yenye matundu ya maua. Ila kutoka hapa Mbuba hadi Kirushya kwenye harusi ni milima mitupu, itapondeka njiani. Basi itakwenda bapa, vipande vipande, maharusi waichomeke wenyewe. Namshukuru Mungu kwa kichwa hiki.

Jumanne, 1 Agosti

Sokoni nimepata makopo matupu ya mafuta ya msaada. Tangu kambi za wakimbizi zijae, nusu ya milango ya Ngara ni makopo hayo. Nimekata kuta nne palepale kwa kukadiria. Na kidole! Mama mkimbizi aliyeniuzia alikuwa bado karibu, akachana kitambaa cha kanga yake akanifunga. Nilimshukuru mpaka akachoka, akaniambia niende nyumbani.

Jumatano, 2 Agosti

Philbert amepita. Ni baba mdogo wa bwana harusi, na kila sherehe lazima anipiku. Safari hii ana godoro. Ameuliza kama ninatengeneza mtego wa panya. Nikamweleza. Akanikumbusha kuwa Kanyange, mama wa bibi harusi, alikimbia mauaji ya Burundi mwaka sabini na mbili, mimba ya huyu huyu bibi harusi, Josiane, tumboni.

“Na wewe unampa binti yake kitu cha kukunja na kubeba? Unawaambia wakimbie tena?”

Sikuliwaza hilo. Jioni sikula. Hata maharage!

Alhamisi, 3 Agosti

Dawa imepatikana: nitaigandisha kwa lami, isikunjike milele. Nimegandisha. Nimewasha kibatari ndani. Lami imeyeyuka yote juu ya suruali yangu ya harusi, niliyokuwa nikiijaribu. Taa imelala bapa tena. Nashukuru sikuwa nimechuchumaa karibu zaidi.

Jumamosi, 5 Agosti

Nilikusudia kuificha nyuma ya mikungu ya ndizi. Lakini Philbert akasimama akatangaza kuwa mjomba Anastazi ameleta zawadi ya kitaalamu. Nikachomeka vipande mbele ya wote. Ukuta mmoja ulikuwa mrefu kuliko wenzake. Taa ikasimama kama mlevi anayetafuta ukuta. Ukumbi mzima kicheko!

Mama Kanyange akainuka. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akauliza kama kweli inakunjika. Nikakiri, nikaanza kuomba radhi, akaniinulia mkono.

“Siku tuliyokimbia niliacha taa ya harusi yangu mezani. Haikuingia kwenye furushi. Hadi leo naiona pale.” Akaigusa ile ya kwangu. “Hii ingeingia. Lakini mwanangu hataikunja. Anakaa hapa.”

Josiane akatia kijiwe chini ya upande mfupi. Novatus akawasha kibatari, madirisha yakafungwa. Maua yakajaa ukutani, juu ya nyuso, juu ya shela. Vigelegele! Mama Kanyange alikuwa akilia na kucheka pamoja. Novatus alinikumbatia, hakujali suruali yangu. Philbert alifuta macho, akasingizia moshi. Nikampa mkono. Sijawahi kushukuru hivi tangu nizaliwe.

Jumapili, 6 Agosti

Nimetafakari wakati wa Misa. Ni wazi: ubunifu wangu haukuwa na kasoro yoyote. Kilichokosekana ni ukubwa. Baada ya Misa nilimweleza Padre kuwa anahitaji mimbari ya kukunja, aifunge kwenye pikipiki aende nayo vigangoni. Akanitazama sana, akasema tutaona. Padre hawezi kusema ndiyo waziwazi, ni mtu mnyenyekevu. Nimeshaanza kazi. Mbao sikuwa nazo, kwa hiyo nimekata kitanda. Leo ninalala chini, kwa shukrani nyingi.